Tiketi ya Siku Moja

Ratiba niliyopewa mlangoni ilikuwa ndefu kama mkeka:
vyumba tisa, mada tisini na nne,
nami nina tiketi ya siku moja
iliyochangwa na watu wa ushirika, Kiruhura,
elfu tano tano, isipokuwa Bi Kyomukama aliyetoa saba
akasema chenji nimrudishie kwa akili.

Hapa Munyonyo ziwa linaonekana kupitia vioo.
Sikuja kutazama ziwa.
Nimekuja na kosa moja mfukoni:
mtandao ukikatika pale kituo cha maziwa
simu ya karani hutuma tena, na tena,
na lita ishirini za Rwabuhinga huwa arobaini
bila ng'ombe wake kujua.

Nikashika kalamu, nikaanza kufuta.
Nilifuta kila mada iliyoahidi mustakabali;
mustakabali utafika wenyewe, hauhitaji nauli yangu.
Nikamfuta bwana aliyejiita mwenye maono
asiseme Jumatatu anafanya kazi gani.
Kisha nikatafuta neno moja dogo, *tulikosea*,
kurasa sita nzima.
Nililipata mara mbili.

Tumuhairwe, tuliyesoma darasa moja, akanivuta mkono:
"Twende ukumbi mkubwa! Akili unde, taa za zambarau!
Penye wengi pana mengi."
Pana mengi, ndiyo. Pana na foleni.

Nilikwenda, sitasema uongo. Moyo hupenda taa.
Nikakaa katikati ya safu, ujinga wa pili.
Dakika ya saba bado tulikuwa kwenye historia ya kampuni.
Dakika ya kumi na moja zikaja bei.
Nikasimama, nikivuka magoti ya watu,
samahani, samahani, samahani.

Nje, juu ya paa la jiko, kaloli alikuwa ametua,
kipara, koti la majivu, anatazama sahani zikipita.
Harukii kila sahani.
Anangoja ile yenye mfupa.

Chumba cha Saba kilikuwa nyuma ya jiko hilohilo,
kinanuka matoke na vitunguu.
Tulikuwa wanane, tukimhesabu fundi
aliyekuwa akipigana na projekta.
"Iache," akasema Kabugho wa Kasese,
mwenye programu ya mizani ya kahawa huko milimani.
"Nipe kalamu ya ubao."
Akachora gunia. Akachora mstari, akaukata.
"Hapa tulimlipa mtu mmoja mara nne.
Aliyegundua si sisi. Ni mkewe,
alizirudisha pesa kwa hasira,
majirani walishaanza kusema wameiba."

Hakuna aliyepiga makofi. Tuliandika.

Picha za ukumbi mkubwa zitawekwa mtandaoni kesho,
nitazitazama nikimenya viazi.
Ila swali langu lilitaka uso
wa mtu aliyewahi kuaibika kama mimi.
Nikainua mkono, nikaeleza lita, karani, Rwabuhinga.
Naye akaniuliza:
"Madebe yenu yana namba?"

Nilikuwa tayari kusema hapana.
Kisha nikaliona, shingoni, rangi nyekundu, 47,
miaka yote lipo mezani pale.
Namba ya debe, tarehe, asubuhi au jioni:
ikija mara tatu, ihesabiwe mara moja.
Karani Mugizi alikuwa akinitajia namba hiyo kila siku,
nami nikamwambia, ya nini?

Saa kumi ratiba yangu ilikuwa bado na mada nne.
Sikwenda hata moja.
Tulikaa na Kabugho kwenye ngazi za jikoni, chapati mkononi,
akinitafutia mahali ambapo dawa yake mwenyewe itavunjika.

"Watu wenu huazimana madebe?"

Huazimana. Kila siku huazimana.

"Haya basi," akasema,
akajipangusa mafuta, akatafuta kalamu.